Ukiambiwa Upige Windo, Sema "Pima Kwanza"

Najua wapo waliokwishaanza kunitangazia ndoa, na mmoja kanitumia ujumbe kuuliza kama nimehama chuo. Sijaolewa, sijahama. Nipo chumba kile kile, kitanda cha juu kile kile, na mihogo ya yule mama wa getini bado naila kwa mkopo. Kilichonikalisha kimya wiki tano ni kompyuta.

Mliozoea kuja hapa kusoma vituko vya hosteli mnisamehe. Leo nimekuja kugombana. Nagombana na fundi mmoja wa Kariakoo ambaye jina lake silitaji, nagombana na nyie marafiki zangu mlionielekeza kwake, na zaidi ya wote nagombana na mimi mwenyewe. Ugomvi wenyewe unahusu maneno mawili ambayo kila mwanafunzi wa chuo anayajua: "piga windo".

Ngoja niwape kisa tangu mwanzo, halafu mtaamua kama nina haki ya kupiga kelele.

Laptopu yangu ni mtumba. Kaka yangu alininunulia nilipoingia mwaka wa kwanza, ina RAM ya GB 8, yaani vipande viwili vya GB 4 kila kimoja. Imenivusha muda wote huo bila kelele. Mwanzoni mwa muhula huu ikaanza visa. Jumatatu intaneti inajifunga yenyewe katikati ya kusoma. Jumanne Word inaniambia faili limeharibika, nalipeleka kwenye mashine ya jirani linafunguka vizuri tu. Jumatano skrini ya bluu, na maneno meupe yaliyosema MEMORY MANAGEMENT. Alhamisi skrini ya bluu tena, safari hii na maneno mengine kabisa. Lile neno MEMORY nililisoma kwa macho yangu mawili, nikalipita kama mtu anavyopita bango la barabarani.

Nikauliza ushauri. Watu sita, jibu moja: "Piga windo." Mwingine hata hakuniuliza mashine inafanya nini. Nikapanda mwendokasi Ubungo, nikashuka Msimbazi, nikaingia kwa fundi. Akaiwasha, akaitazama kwa muda ambao hata chai haijapoa, akanigeukia.

"Mwalimu, hii windo imekufa. Tunapiga mpya, elfu 25, baada ya saa mbili unachukua."

"Umejuaje, kaka?"

"Dada yangu, mimi mashine hizi nimeshika miaka kumi."

Nikanyamaza. Nani abishane na miaka kumi? Akaniuliza, na hapa lazima niwe mkweli maana aliuliza: "Kuna vitu vyako vya maana humu? Maana nafomati yote." Nikamjibu haraka haraka, "Vyangu vipo kwenye flashi, wewe piga tu."

Vyangu. Ndiyo, vyangu vilikuwepo kwenye flashi. Vya mwenzangu havikuwepo.

Mwenzangu wa chumbani hana laptopu, tunatumia hii moja. Yeye likizo iliyopita alisafiri hadi Kasulu kufanya utafiti wake wa mwaka wa mwisho, akawahoji walimu saba wa shule za msingi za vijijini kuhusu kufundisha madarasa yenye watoto wengi. Aliwarekodi kwa simu. Simu ikajaa, akahamishia rekodi zote kwenye laptopu yangu, kwenye folda aliyoiita jina lake, akafuta za kwenye simu. Mimi nilikuwepo siku anahamisha. Mimi ndiye niliyemwambia, "weka hapo, patakuwa salama".

Nilikumbuka nikiwa kwenye mwendokasi narudi, tumefika Manzese, laptopu mapajani ina windo mpya inang'aa. Sitaki kueleza nilivyojisikia. Nilipomweleza jioni, alikaa kitandani akanitazama, akasema "basi tu", akavaa kandambili akatoka nje. Hakupiga kelele. Afadhali angenipiga.

Sasa sikilizeni sehemu inayonitia hasira mpaka leo. Siku ya nne baada ya hiyo windo mpya, skrini ya bluu ikarudi. Ile ile! Nikarudi kwa fundi. Akasema ile windo ya kwanza "haikukaa vizuri", akapiga nyingine kwa bei ya mteja, elfu 15. Siku mbili, bluu tena. Mara ya tatu akaniambia sasa ni hadi diski, elfu 90. Bumu lenyewe halijatoka. Nikashukuru, nikabeba kimeo changu nikarudi chuoni.

Kwa hiyo nimelipa elfu 40 na nauli juu, na walimu saba wa Kasulu wamefutwa, kwa ajili ya tiba ya ugonjwa ambao mashine haikuwa nao.

Aliyegundua ugonjwa ni kijana wa mwaka wa kwanza, mpole hata salamu anatoa kwa kunong'ona. Alikuja na flashi ina programu moja ya bure inaitwa Memtest86+. Akaichomeka, akawasha mashine kupitia hiyo flashi, akasema, "Dada, tuiache ifanye kazi usiku." Haikuhitaji usiku. Kabla sijamaliza kuchambua mchele wa jioni, skrini ilishajaa mistari myekundu ya makosa. RAM. Kipande kimoja cha RAM.

Tukazima, tukatoa kipande kimoja, tukapima kilichobaki: kisafi, hakuna kosa hata moja. Tukakitoa kile kizima, tukaweka mgonjwa mahali pake, kwenye sloti ile ile: myekundu tena. Kwa hiyo sloti haina kosa, kipande ndicho kibovu. Gharama ya ujuzi wote huo ni shilingi sifuri.

Kwa walimu wenzangu ambao hapa mmeanza kusinzia, nitaeleza kwa lugha yetu. Hadi diski ni kabati la ofisini, unapofungia madaftari ukirudi nyumbani. RAM ni ubao. Chochote mashine inachokifanya muda huu, lazima kwanza ikiandike ubaoni: insha unayoandika, picha unayotazama, hata windo yenyewe. Umeme ukizima, ubao unafutika. Ukubwa wa RAM ni ukubwa wa ubao. Sasa fikiria ubao wenye sehemu moja ndogo ambapo chaki haishiki. Mwalimu anaandika 8, ubaoni inasomeka 3, watoto wananakili 3, madaftari yanafungiwa kabatini yakiwa na 3. Mkuu wa shule anakuja, anaona makosa, anafukuza mwalimu. Anakuja mwalimu mpya, anaandika 8 pale pale, inasomeka 3. Huyo mwalimu mpya ndiye windo yako mpya ya elfu 25.

Na ubao wenyewe ni wa ajabu. Aina ya RAM tunayotumia ilibuniwa na Robert Dennard wa IBM miaka ya 1960, hati miliki yake ikatoka mwaka 1968. Kila herufi ndogo kabisa, ile sifuri au moja, inawekwa kwenye kijitenki kidogo cha chaji kinachovuja. Kwa sababu kinavuja, mashine inalazimika kupita na kuandika upya kila kitu, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64. Ni kama kiranja anayepita ubaoni mara zaidi ya kumi na tano kwa sekunde akikoleza chaki kabla haijafifia. Kijitenki kimoja kati ya mabilioni kikichoka, hapo ndipo 8 inapogeuka 3.

Mtasema herufi moja tu ina madhara gani? Haya. Chukua alama 53. Kompyuta inaihesabu kwa mafungu ya mbili mbili: 32 na 16 na 4 na 1. Kale kafungu ka 16 kakigeuka kutoka moja kuwa sifuri, kinachobaki ni 37. Mtoto aliyefaulu amefeli, na hakuna skrini ya bluu, hakuna kengele, karatasi inatoka safi kabisa kwenye printa. Huo ni mfano wangu mwepesi, ila yapo ya kweli. Mwaka 2003 kwenye uchaguzi wa Ubelgiji, eneo la Schaerbeek mjini Brussels, mgombea mmoja alionekana kupata kura 4,096 za ziada. Waligundua kwa sababu idadi ilizidi ile iliyowezekana kabisa. 4,096 ni fungu moja kamili katika hesabu za kompyuta, mbili jizidishe mara kumi na mbili, na maelezo waliyoyatoa wataalamu ni kwamba herufi moja ya kumbukumbu iligeuka. Ziada ingekuwa kura 64 tu, nani angeuliza?

Wala si jambo la nadra kama tunavyodhani. Mwaka 2009 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walitoa matokeo ya kuchunguza seva za Google, wakakuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vinapata angalau kosa moja ndani ya mwaka. Na hizo ni seva, zina RAM ya aina ya ECC inayoweza kugundua kosa na kulisahihisha. Laptopu zetu hazina. Zetu zikikosea zinaendelea tu.

Sasa nirudi kwenye ugomvi.

Sisi hapa tunasomeshwa kozi nzima ya upimaji na tathmini. Tumekaririshwa kwamba mwalimu hafundishi somo la marudio kabla hajajua mtoto amekwama wapi. Tunamcheka mwalimu anayechapa darasa zima kwa sababu mmoja kapiga mluzi. Tukitoka kwenye mtihani wa kozi hiyo, na A zetu, tunakwenda Kariakoo tunaambiwa "windo imekufa" na mtu ambaye hajapima chochote, tunatoa pochi.

Mnakumbuka habari ya homa? Wazazi wetu wanasimulia kwamba zamani ukichemka mwili tu ni malaria, meza dawa. Ilikuwa typhoid, ilikuwa kichomi, ilikuwa mafua, meza. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa, na leo hata zahanati ya kijijini wanakutoboa kidole kabla ya kukupa mseto. Tumekubali kwamba mtu hamezi dawa bila kupimwa. Kwa nini kompyuta inayobeba utafiti wa miaka mitatu imezwe dawa kwa kubahatisha?

Najua mtakachonijibu, maana nimeshabishana na karibu wote mezani pale kafeteria.

Mmoja kasema, "Mara nyingi windo inasaidia." Ni kweli, mara nyingine inasaidia, kirusi kikiingia au faili za mfumo zikivurugika. Lakini angalia mtego: mashine yenye RAM mbovu nayo ikipigwa windo mpya inaweza kutulia siku mbili tatu, kwa sababu mambo yamepangwa upya na ile sehemu mbovu ya ubao haijaguswa bado. Ukipata nafuu unaamini dawa, ikirudi unaamini umepata dawa hafifu. Ndivyo nilivyolipa mara mbili.

Mwingine kasema, "Fundi naye anatafuta riziki." Simkatalii riziki. Alipie kipimo! Aniambie, dada, kupima ni elfu 10, niachie mpaka kesho. Ningelipa na kumshukuru. Anachouza sasa ni kazi anayoiweza, na ugonjwa anauchagua ufanane na kazi hiyo. Na lawama si yake peke yake. Sisi wateja tunataka mashine saa hiyo hiyo, fundi anayesema "acha kesho" tunamwona hajui. Tumewafundisha wenyewe.

Wa tatu, na huyu alinikera kweli, kasema, "Wewe mwalimu, ya mafundi yanakuhusu nini?" Yananihusu kwa sababu mwakani, Mungu akipenda, nitakuwa shuleni kijijini na kompyuta moja ya ofisi yenye alama za watoto wote, na fundi wa karibu yuko wilayani. Nikisema "piga windo" pale, nimefuta shule.

Wa nne kasema siku hizi kila kitu kipo mtandaoni, weka huko. Weka, tena weka leo hii, mimi baada ya haya nimekuwa mlokole wa kuhifadhi nakala. Ila jueni kwamba faili likiharibikia ubaoni, kinachopanda mtandaoni ni lile lile lililoharibika. Nakala nzuri ya kitu kibovu ni kitu kibovu.

Basi, ili nisionekane natukana tu, haya ndiyo ya kufanya. Yachukueni mkayabandike ukutani.

Kwanza, kabla ya kugusa chochote, toa kazi zako. Na kazi za mwenzako. Uliza kila anayetumia mashine hiyo, kwa jina. Hili la kwanza ndilo lililonishinda.

Pili, sikiliza ugonjwa. RAM mbovu inahamahama: leo intaneti, kesho Word, keshokutwa bluu, na maneno ya bluu yanabadilika. Faili linakataa kwako linakubali kwa jirani. Windo mpya inagoma katikati ya kupigwa. Au mashine haiwaki kabisa, inalia tu pi pi pi. Hizo ni dalili, si hukumu. Joto, chaja mbovu na hadi diski vinaweza kuigiza vizuri sana. Ndiyo maana tunapima.

Tatu, pima. Windows ina kipimo chake ndani: andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, kubali kuwasha upya, na kikianza bonyeza F1 uchague kipimo kirefu. Kikisema kuna tatizo, mwamini. Kikisema hakuna, usimwamini sana, nenda na Memtest86+ au ndugu yake MemTest86, ambayo Chris Brady aliiandika tangu mwaka 1994. Iache usiku kucha, chaja ikiwa imechomekwa. Hapa hakuna kufaulu kwa asilimia 98. Kosa moja tu ni kufeli.

Nne, ikifeli, zima, chomoa chaja na betri kama inatoka, gusa chuma kwanza kuondoa umeme wa mwilini, kisha chomoa vipande. Futa zile pini za dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, ile ile unayofutia michoro ya biolojia, pangusa vumbi lake, rudisha, pima tena. Wapo wanaopona hapo hapo kwa sababu ilikuwa uchafu. Haikupona? Pima kipande kimoja kimoja, kisha badilisha sloti. Kosa likimfuata kipande, nunua kipande. Kosa likibaki kwenye sloti na kila kipande, usinunue RAM, utakuwa unatupa hela.

Sasa kununua, na hapa nako nilipigwa.

Kwa kuwa nilishajua ugonjwa, nilirudi mjini nimevimba kichwa. Nikaomba "DDR3 ya laptopu, GB 4". Nikapewa, ikaingia kwenye sloti bila shida, mashine ikakataa kuwaka. Kumbe kipande changu cha zamani kina maandishi PC3L, nilichouziwa kina PC3. Herufi L tu! Hiyo L maana yake inatumia volti 1.35, isiyo na L inatumia 1.5, na laptopu nyingi za umri wa yangu zinaitaka hiyo ya L tu. Zote zina pini 204, zote zinaingia, moja tu inawaka. Nilisafiri mara mbili kwa ajili ya herufi.

Kwa hiyo usiende dukani na maelezo ya mdomo. Nenda na kipande chenyewe kibovu mkononi, au piga picha karatasi iliyobandikwa juu yake. Angalia kizazi: DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, kila moja ina mkato wake mahali pake, na anayekwambia "sukuma kidogo itaingia" mkimbie. DDR4 ya laptopu ina pini 260, DDR5 ina 262. Angalia ukubwa ambao mashine yako inakubali. Kasi isikuumize kichwa: ukichanganya ya haraka na ya polepole zote zinatembea kwa mwendo wa ile ya polepole, kwa hiyo usilipie mbio ambazo hutakimbia. Ukiweza, weka vipande viwili vinavyolingana, mashine inavisoma kwa pamoja na inapata wepesi. Na kabla ya yote, hakikisha RAM yako inatoka. Laptopu nyingi nyembamba za siku hizi RAM imechomelewa kwenye bodi moja kwa moja, hakuna cha kubadilisha. Mnaopanga kununua laptopu mwaka huu, ulizeni hilo kabla hamjauliza rangi.

Mtumba au mpya? Mimi nilichukua mtumba, kwa sababu DDR3L ni ya zamani na mtumba wake upo mwingi. Hata mpya inaweza kutoka kiwandani na kasoro, kwa hiyo sharti ni moja kwa zote mbili: inapimwa mbele yangu. Niliingia na flashi yangu, nikaomba nikae kwenye stuli ya muuzaji duru moja ya kipimo iishe. Wa kwanza alicheka, wa pili alikataa, wa tatu akaniletea na maji ya kunywa. Nimenunua kwa wa tatu. Dai risiti iandikwe aina, ukubwa na siku za kurudisha. Lile bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" lisikutishe, nchi hii ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji dhidi ya udanganyifu wa kibiashara, ila sheria bila risiti ni hadithi.

Na msidhani haya mambo ni senti. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zilipanda dunia nzima, kwa sababu viwanda vikubwa, Samsung, SK Hynix na Micron, vilikimbilia kutengeneza kumbukumbu za seva za akili mnemba zinazolipa zaidi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, zile RAM zake za kuuzia watu wa kawaida kama sisi. Wakubwa wakigombania ubao, sisi tunaonunua kwa bumu ndio tunaosikia. Kipande cha kubahatisha leo kinauma kuliko zamani.

Mashine yangu sasa nzima. Imepimwa usiku mbili mfululizo, sifuri. Ndiyo naandikia.

Mwenzangu amewapata walimu wanne kati ya saba kwa simu, wakakubali kurudia mahojiano, tulichanga vocha chumba kizima. Watatu hawapatikani. Mmoja wao, anasema, ndiye aliyeongea vizuri kuliko wote, alieleza anavyofundisha watoto kusoma kwa kuandika herufi kwenye vumbi la uwanjani kwa sababu darasani hawaenei. Anakumbuka maneno mawili matatu, na huwezi kuweka kumbukumbu za kichwani kwenye utafiti. Sura yake ya nne itakuwa na walimu wanne.

Ninachoomba ni kidogo. Kila hosteli iwe na flashi moja yenye hicho kipimo, ikae kwa mtu anayejulikana, kama pasi ya umeme inavyokaa kwa mtu anayejulikana. Ya ghorofa letu iko kwangu, chumba mnakijua, haina malipo, njooni hata usiku ila mbishe hodi. Na siku fundi akikuambia "windo imekufa", muulize swali moja tu: "Umeipima?" Akisema miaka kumi, beba mashine yako urudi.

Haya wapendwa, nina testi kesho saa mbili asubuhi na sijagusa kitu. Mniombee. Alamsiki.